Ungetoa kopo zima kwa sarafu moja? Nimeletewa tembo wa Tabora, nina mpaka Jumamosi

Kopo la Mzee (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Chikongola, kazi yangu ukarani wa ghala. Huu ni mwaka wa 26 nakusanya sarafu za zamani, na leo nahitaji watu wa kunitukana au kunitia moyo kabla ya Jumamosi.

Nianze na kopo. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini. Alipofariki aliacha kopo la Kimbo lenye rupia tatu za fedha na heller, zile sarafu ndogo za Mjerumani, kama kumi hivi. Mama alitaka kulifanya la chumvi, nikalikimbia nalo. Tangu hapo kila nilipokwenda nimeuliza: Newala, Tandahimba, Masasi, Mikindani nyumba kwa nyumba. Wazee wengine walinipa bure, wengine nilibadilishana nao sukari, mmoja alitaka nimpelekee mtoto hospitali kwa baiskeli kwanza.

Sasa kopo lina rupia kumi na moja za Mjerumani, zile za Kaiser mwenye kofia ya tai na zile za baadaye. Pesa za shaba za 1890 mpaka 1892 zenye maandishi ya Kiarabu. Heller za kila aina, hata ile ya 5 ya mwaka 1908 kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Heller 20 za Tabora. Senti za tundu za Mwingereza, pamoja na ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakumaliza hata mwaka. Shilingi za simba. Pesa mbili za Sultani Barghash zenye mizani. Reale moja ya Maria Theresa. Seti ya kwanza ya Nyerere ya 1966, senti ya samaki, ya mbuni, ya sungura na shilingi ya Mwenge. Na takataka nyingine.

Kisicho ndani ya kopo ni kimoja: rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora, 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake. Niliiona kwenye picha nikiwa darasa la sita na haijawahi kunitoka kichwani.

Jumapili kaja jamaa wa Dar, huwa anashuka msimu wa korosho kununua vitu vya kale, milango, masanduku, vyungu. Kaniomba aone kopo. Kalichimba kwa mkono kama anachagua dagaa. Halafu akafungua leso. Tembo.

Masharti yake: hataki hela. Anataka kopo, na asitoe mtu hata kipande kimoja. Moja kwa kopo. Jumamosi anaondoka.

Mngetoa?

Binti Shangani

Uzi bila picha haunogi. Nakaa mbele.

Ming'oko na Chumvi

Inavuta mchele?

Kopo la Mzee

Nilijua tu. Hizo ni hadithi za matapeli wa rupia. Haivuti mchele, haizimi redio, haina zebaki. Ni dhahabu na shaba na fedha kidogo, basi.

Ming'oko na Chumvi

Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili kwa rupia inayovuta mchele. Mchele aliuvuta mwenyewe kwa kijiko mpaka leo. Mimi nimesema tu.

Mwalimu wa Nyangao

Kopo la Mzee, kabla hujapigwa kelele na wapenda mchele, ngoja niseme kitu kuhusu huyo tembo, kwa sababu watu wanaweza kudhani sarafu ya Tabora haina sababu ya kuonekana kwetu Kusini.

Vita ya kwanza ilipoanza, Waingereza waliziba bahari. Fedha kutoka Berlin haikuingia tena, na askari na wapagazi walitakiwa kulipwa. Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Rupia za tembo zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha. Ndiyo maana unaona herufi T chini ya tembo.

Sasa jeshi lililobaki lilikimbilia wapi? Kwetu. Oktoba 1917 wamepigana Mahiwa, hapa karibu na ninapoishi, siku nne, watu wakafa kama sisimizi. Mwezi uliofuata wakapita nyanda za Newala wakavuka Ruvuma. Mtu aliyebeba dhahabu ya Tabora mfukoni alikuwa na kila sababu ya kuiangusha, kuifukia au kuhongea chakula kati ya Mahiwa na mto. Kwa hiyo kuwepo kwake hapa si ajabu.

Na kwa faida ya vijana: kila ukisema huna hela unasema Kijerumani, ukisema huna pesa unasema Kihindi. Kopo la Mzee amebeba kamusi.

Korosho Daraja la Kwanza

Mimi sarafu sijui. Najua korosho. Miaka kumi nimekaa chama cha msingi, nimeona wanunuzi wa kila rangi, na nakwambia hivi: mtu anayenunua ghala zima bila kukata sampuli ana sababu mbili tu. Ama ni mjinga, ama sampuli alishaikata usiku bila wewe kujua.

Huyo si mjinga, anatembea na dhahabu kwenye leso. Kwa hiyo alishakata. Umesema mwenyewe alilichimba kopo kwa mkono. Usikae unamtazama tembo. Litazame kopo. Ndani yake kuna kitu kinachomzidi tembo na wewe umekiandika hapo juu kama "takataka nyingine".

Huyo ni kangomba wa sarafu. Kangomba, yule mlanguzi wa korosho, naye hana habari na mizani, anapima kwa chombo, tena chombo ni chake. Huyu wako kaona raha zaidi, kapima kwa kopo lako mwenyewe.

Binti Shangani

Kangomba wa sarafu 😂😂 Hapo umenena. Kopo la Mzee mwaga kopo mezani, andika kimoja kimoja.

Mtoto wa Masoko

Salamu kutoka Kilwa. Kopo la Mzee, kwenye hizo takataka kuna visarafu vidogo vya shaba, vyembamba, vina maandishi ya Kiarabu na havina mwaka?

Kopo la Mzee

Vipo vinne. Nilipewa na mvuvi, alisema viliokotwa ufukweni Kilwa Kisiwani baada ya mvua.

Mtoto wa Masoko

Basi hivyo visimfuate jamaa hata kama utakubali mengine yote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inasema kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya 1863 ni cha kulindwa, huuzi wala hutoi nje bila kibali. Hivyo vyako ni vya masultani wa Kilwa, vina miaka mia sita na zaidi. Tembo wako ni wa 1916, huyo hana kesi hiyo. Vipeleke kwa watu wa mambo ya kale, wakuandikie, ulale.

Nawe usidhani nakuonea. Mimi nimezaliwa Masoko, Kisiwani nakuona nikiamka. Na mimi nina ndoto. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, ndiye aliyekuwa anatawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Sarafu zake za shaba zipo nyingi. Upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande mbili zinaafikiana vina kama beti za shairi. Moja ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu. Vingine vitano vya Kilwa vilikutwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, askari wa rada aliyekuwa anavua samaki ndiye aliyeviokota mchangani pamoja na vinne vya Waholanzi. Vilifikaje, watu wanabishana mpaka kesho.

Ila sultani huyo alipiga na dhahabu. Zinajulikana tatu. Tatu dunia nzima! Ningepewa nishike moja kwa dakika tano ningetoa boti yangu. Kuimiliki sitaki. Ningeimilikije? Ningeiweka wapi, chini ya godoro? Sarafu ya namna hiyo ukiipata si yako, wewe ni mlinzi wake usiyelipwa mshahara.

Tena ulizia ametoa wapi huyo tembo. Kuna sarafu ya dhahabu ya Brutus, yule aliyemuua Kaisari, iliuzwa mnadani London 2020 kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki kwa sababu hadithi ya ilikotoka ilikuwa ya kutunga. Aliyenunua alibaki na picha.

Mwalimu wa Nyangao

Boti nzima kwa dakika tano? Wangindo mna mambo.

Mtoto wa Masoko

Mmwera kaa kimya, nyie mngeuliza kwanza kama inaliwa.

Sonara Mstaafu

Nimefua dhahabu miaka arobaini. Naomba niongee kidogo kisha nirudi kulala.

Kijana, usikubali mtu atie asidi kwenye sarafu, na usiikwangue kwenye jiwe. Tafuta mizani ya sonara inayosoma desimali mbili. Kwanza ipime kavu. Halisi ina gramu 7.17 hivi, upana milimita 22. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, ifanye isome sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ikae inaning'inia, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba ndogo. Chukua ule uzito mkavu, ugawanye kwa hiyo namba ndogo. Dhahabu ya Tabora ni robo tatu dhahabu, yaani karati 18, itakupa 15 na ushei. Shaba njano iliyopakwa dhahabu itakupa 8 na nusu. Hakuna maneno matamu yanayoweza kubadili hesabu hiyo.

Halafu tazama ukingo. Zunguka nao polepole kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Hizi za dhahabu wanawake walizivaa. Ziliwekewa kikonyo, zikaning'inia kwenye kidani. Kikonyo kikitolewa kovu linabaki.

Na swali: hizo rupia zako za fedha umewahi kuzisafisha?

Kopo la Mzee

Ndiyo mzee. Kwa ndimu na majivu. Zinang'aa.

Sonara Mstaafu

Inna lillahi. Umeziharibu.

Binti Shangani

😂😂😂 Mzee kaenda kulala moja kwa moja.

Kwa upande wangu, nilisoma habari za bwana mmoja wa Marekani, Stuart Weitzman, mtengeneza viatu vya kike. Tangu mtoto aliota dola 20 ya dhahabu ya 1933, zile ambazo serikali yao iliamuru ziyeyushwe. Iliyoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi ni moja, inayosemekana ilipita mikononi mwa Mfalme Farouk wa Misri. Mwaka 2002 akainunua kwa dola milioni 7.59. Ndoto imetimia, si ndiyo? Mwaka 2021 akaiuza, karibu dola milioni 18.9. Mimi sishangai bei. Nashangaa kwamba aliiuza. Miaka 19 ilimtosha.

Kopo la Mzee, wewe itakutosha kwa muda gani? Ukishaipata Jumamosi, Jumapili utaenda Newala kuuliza nini?

Kopo la Mzee

Binti Shangani umeniuliza swali baya. Nimekaa nalo tangu jana.

Nimelimwaga kopo kwenye mkeka. Vipande 213. Nimegundua jambo la kunitia aibu: kati ya hivyo, kama 150 sikumbuki nilivipata wapi. Nilikuwa najidanganya kila kimoja kina hadithi. Hadithi ninazo labda arobaini. Vingine ni vyuma tu vilivyoniingia mkononi, na nikitazama tembo kwenye picha, hivyo 150 ningevitoa hata sasa hivi bila kuaga. Hata hizo arobaini… mke wangu kaniuliza, na ya baba je? Nikakaa kimya. Kaelewa.

Sasa nije kwenye hoja ya Korosho. Kwenye takataka nimekuta kimoja chenye mnazi. Upande mmoja mnazi, mwingine maandishi ya Kiarabu, na mwaka 1908. Imeandikwa Zanzibar, senti 10. Nilidhani ni kibao cha shamba, zile za kuwalipia wachuma karafuu. Nimekumbuka sasa: jamaa alipochimba kopo Jumapili aliishika hii, akaizungusha mara moja, akaizamisha chini kabisa ya zingine.

Mwalimu wa Nyangao

Simama hapo hapo.

Hiyo ni ya Sultani Ali bin Hamud. Alipiga senti 1, 10 na 20 mwaka huo mmoja tu, na nyingi ziliishia kuyeyushwa. Wakusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki wanazililia. Wapo walionijia na rupia gunia zima, sijawahi kuletewa mnazi hata mmoja.

Korosho Daraja la Kwanza

Sampuli imepatikana. Nawadai soda.

Ming'oko na Chumvi

Kwa hiyo mnazi ndio unavuta mchele?

Kopo la Mzee

MREJESHO, Jumamosi usiku.

Nilimwomba jamaa tukutane kwa sonara, mtaa wa nyuma ya soko kuu. Hakukataa, na hilo lilinishangaza, nilitegemea atatafuta sababu. Sonara kapima: 7.11 kavu, imechakaa kidogo. Majini imesoma 0.47. Nikatoa simu nikagawanya, mikono inatetemeka: 15.1.

Ni halisi, wakuu. Nimeshika tembo wa Tabora.

Nimezunguka ukingo kwenye jua kama Mzee Sonara alivyosema. Juu ya mgongo wa tembo kuna kovu, dogo kama punje ya ufuta, pamesuguliwa na kung'arishwa. Iliwahi kuvaliwa. Nimemuuliza jamaa kaipata kwa nani, kasema familia moja Mikindani, bibi yao aliivaa harusini na wajukuu wameuza wagawane. Hakutaja jina na sikulazimisha. Kuna kitu kingine nilikiangalia, wanaojua watanielewa: pambo la kulia linaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza kwenye OSTAFRIKA. Hii ni ya A, ndizo nyingi zaidi. Haikunipunguzia kitu.

Sasa ukweli wangu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kumkatalia. Korosho alinipa akili, Binti Shangani alinipa swali, Mtoto wa Masoko kanionyesha sheria na vile vinne tayari vipo kwenye bahasha vinasubiri Jumatatu. Nilikuwa nimekamilika. Lakini tembo alipokuwa kiganjani, na ana joto la mkono wangu, hotuba yote iliyeyuka. Nikasikia mdomo wangu unasema: chukua kopo, rupia zote, za baba zikiwemo, reale, Edward, kila kitu. Niachie mnazi tu.

Mnasikia? Nilitoa za baba.

Jamaa akanitazama, akatabasamu, wala hakukasirika. Akasema, "Basi mzee wangu, umeshajua." Akafunga leso. Akanilipia hata chai.

Kwa hiyo jibu la uzi wangu ni kwamba ningetoa. Aliyekataa ni yeye.

Korosho Daraja la Kwanza

Kumbe tembo alikuja kula mnazi. Kwa nini usingetoa na mnazi basi, kama uliishafika hapo? Nauliza kwa nia njema.

Kopo la Mzee

Kaka nimejiuliza njia nzima. Si bei. Bei yake siijui na simjui mtu wa kuinunua. Nadhani ni kwa sababu yeye aliijua na mimi sikuijua, ilhali ilikaa ndani ya nyumba yangu. Nimekumbuka na ilikotoka: bibi mmoja wa Mikindani, mwaka 2003 au 2004, nilimpa mche wa sabuni. Aliniambia, mjukuu wangu, chukua na hii ya mnazi, haina kazi.

Mwalimu wa Nyangao

Mikindani tena. Huenda ni nyumba ileile.

Kopo la Mzee

Nimewaza hilo pia. Wiki ijayo napanda bodaboda niende nikaulize. Bibi atakuwa hayupo tena.

Mtoto wa Masoko

Nenda na daftari, usiende na kopo.

Binti Shangani

Picha ya mnazi basi, tumevumilia wiki nzima.

Kopo la Mzee

Mwanangu ndiye mwenye simu ya kamera nzuri, yupo Naliendele, anarudi Jumatatu.

Sonara Mstaafu

Nimeamka. Huo mnazi nao umeupaka ndimu?

Kopo la Mzee

Hapana mzee. Niliona hauna thamani ya ndimu.